Fundi wa Kamba wa Kitaji

Mwezi uliopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Musoma, nikingoja zamu yangu, nikawasikia wanaume wawili wakimsifu Fundi. Walimsifu kama watu wanavyomsifu marehemu, ingawa hajafa; yuko Butiama analima.

"Mafundi kama yule mzee hawapo tena," mmoja alisema. "Alikuwaga anavuta kamba tu, gari inanyooka."

"Siku hizi ni kompyuta," mwenzake akaitikia, "na gari bado inavuta."

Nilimkazia macho yule wa kwanza mpaka akaniuliza kama tunafahamiana. Tunafahamiana. Miaka kumi na mmoja iliyopita alisimama stendi akatangaza kwamba Fundi anaua watu kwa kamba za kuanikia nguo. Leo anamlilia.

Niliondoka bila kunyolewa. Nilitembea kwa hasira mpaka nyumbani, na nilipokaa nikakumbuka kwamba hasira ile sina haki nayo. Yule bwana alirudia uongo tu. Aliyeutunga ni mimi, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimenyamaza.

Sitaeleza Fundi alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Jina lake pia nitaliacha. Nililitumia vibaya mara moja, inatosha.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha magurudumu ya magari, ile ambayo madereva huita alaimenti. Uwanja wake ulikuwa Kitaji, hapa hapa mjini, nyuma ya nyumba ya kupanga, na mali yake kubwa pale ilikuwa sakafu ya saruji yenye upana wa gari moja na nusu. Aliimwaga mwenyewe, akaipima kwa mpira wa maji kama waashi wanavyofanya, mpaka maji yakasimama sawa pembe zote nne. Mama mwenye nyumba alianika muhogo juu yake mara moja tu. Fundi aliufagia wote akauweka kwenye ungo, akampelekea mlangoni.

"Mama, pale ni kama kitanda cha daktari. Wewe ukienda hospitali unakutaga wameanika muhogo kitandani?"

Gari likishapanda juu ya saruji, alisimamisha vyuma vinne na kuvuta kamba mbili za nailoni, moja kila upande, zikaenda sambamba na gari kutoka nyuma hadi mbele. Kisha alipiga magoti na rula ya chuma, akapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa rimu, mbele ya gurudumu na nyuma yake. Tofauti ikiwa ndogo aliguna. Ikiwa kubwa alitukana, na hakuchagua wa kumtukana. Nilishamsikia akimuuliza padri kama gari lake analiendeshaga kwa imani.

Alikuwa na ulimi mchafu, nisimpambe. Siku moja bwana mmoja wa ofisini alifika na gari jipya, analalamika kwamba linavuta kushoto, na kwamba ameshaambiwa abadilishe vyuma vya mbele vyote. Fundi hakushika spana. Alichukua kipimo cha upepo akaenda tairi moja moja. Lile la mbele kushoto lilikuwa na upepo nusu ya mwenzake.

"Bwana mkubwa, umesoma mpaka wapi?"

"Nina digrii."

"Na huko kote hawakukufundisha kupuliza?"

Watu tulicheka mpaka yule bwana mwenyewe akacheka. Fundi alijaza upepo, akamtuma aende hadi uwanja wa ndege na kurudi. Lilienda limenyooka. Hakupokea kitu kwake. Alisema kazi ya upepo siyo kazi, na kwamba mtu akikuambia ubadilishe vyuma kabla hajapima upepo, huyo ni mwizi au ni mvivu, na mwizi ni afadhali.

Mara nyingine alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Bunda. Usukani wake ulikuwa ukitetemeka akikaza mwendo, na alitaka alaimenti. Kwa walimu Fundi alikuwa mpole kidogo.

"Mwalimu, kutetemeka ni ugonjwa mwingine. Inavuta upande?"

"Hapana, inatetemeka tu."

"Basi hizo tairi hazina uzani sawa. Peleka wakapige balansi, wakubandikie vipande vya risasi kwenye rimu. Mimi nikikuvutia kamba hapa nitakuwa nakuganga kichwa na wewe unaumwa tumbo."

Mimi nilijifunza kwake mengi kwa kukaa tu pale uwanjani. Nilikuwa na pikapu, nabeba samaki kutoka mialoni kwenda Bunda, na njia zetu zile za vumbi hazina huruma na magurudumu. Alinifundisha kupitisha kiganja juu ya tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi laini kwenda na ukali kurudi, kama unapompapasa sato kutoka mkiani, ujue gurudumu halibingiriki sawasawa, linaburuzwa upande. Alinifundisha kutazama kingo: tairi likiliwa upande mmoja na upande mwingine bado una meno, gari linakuambia kitu. Usukani ukikaa upande wakati gari linaenda moja kwa moja, hapo nako linakuambia kitu.

Na alinifundisha habari ya barabara. Barabara imejengwa imelala kidogo ili maji yashuke kandoni, kwa hiyo gari lolote zima litaelekea kushoto taratibu ukilegeza mikono. "Usiisingizie gari kosa la mvua," alisema. Tulikuwa na kipande chetu cha njia ya Bunda, kitambarare, ambako alinikalisha kwenye usukani, akaniambia nilegeze vidole nikiwa tayari kushika, nihesabu mpaka tano. Tukageuka tukarudi kwa upande uleule wa barabara, ambao sasa umelalia kulia kwetu. Gari lenye ugonjwa litavuta kulekule safari zote mbili. Hilo nalikumbuka vizuri, na baadaye mtaona nililifanyia nini.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na gari. Alikuwa na baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma lilipinda kama ungo uliokanyagwa na ng'ombe, likipita linasugua chuma, shii, shii, shii, mtaa mzima ukijua Fundi anakuja. Tulimtania. Alijibu kwamba baiskeli haiui mtu. Kwenye drafti alikuwa mwizi wa waziwazi: ukigeuka kujibu salamu, kete yako moja haipo. Ukimshika anakasirika kuliko wewe. Lakini mtu huyohuyo nilimwona akifungua kazi ya siku nzima na kuianza upya kwa sababu alipoinuka, goti lake liligusa kamba na hakuwa na hakika kama ilirudi mahali pake. Mwenye gari alikuwa anasisitiza aachiwe aende. Fundi alikaa na funguo mfukoni.

Sasa nije kwenye chaki.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Akikuta kitu kinachocheza chini ya gari, bushi ya mpira imekufa au kiungo cha usukani kimelegea, alikataa kunyoosha. Alisema huwezi kunyoosha kinachocheza. Leo utakipima hivi, kesho kimehama. Alifungua mlango wa dereva, na kwa ndani, pale unapouona ukipanda, alichora msalaba wa chaki nyeupe. Ulitakiwa uende na msalaba wako, ukatafute kifaa, urudi, akifunge, anyooshe, ndipo aufute kwa mkono wake. Madereva wote wa Musoma waliujua. Mtu wa kuomba lifti alifungua mlango, akauona, akasema, "Ngoja nisubiri nyingine." Hakuna sheria iliyosema usiufute mwenyewe. Hakuna aliyeufuta.

Mimi niliufuta.

Nilikuwa nauza ile pikapu. Mnunuzi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, mkulima na mvuvi wa Kiriba, kiongozi wa kwaya, mtu asiyejua kusema uongo na kwa hiyo asiyejua kuutambua. Niliipeleka kwa Fundi ili nimkabidhi ikiwa imenyooka. Fundi aliinua mbele kwa jeki, akashika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili akalitikisa kulia na kushoto. Likacheza. Akaniita nikatikise mwenyewe.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Kichwa cha tairodi kimekwisha. Hiki ndicho kinashika gurudumu lifuate usukani. Kikichomoka, wewe unakata kulia, gurudumu linaenda linakotaka. Agiza kipya Mwanza." Akachora msalaba.

Kifaa kingechukua wiki. Shemeji aliihitaji pikapu Jumamosi, mahindi yake yalikuwa shambani. Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumwambia ukweli, naye angesubiri mwezi mzima bila kunung'unika. Lakini nilikuwa nimeshajisifu kwa ukoo mzima kwamba namkabidhi Jumamosi gari lisilo na kasoro, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyefika kidato cha nne kati ya watu ambao hawakufika. Nilitema mate kwenye kitambaa nikaufuta ule msalaba.

Kisha nilienda Bunda kwa fundi mwingine, nikamwambia usukani wangu umekaa upande. Hakuuliza kwa nini. Aling'oa usukani kwenye shina lake, akaugeuza meno mawili, akaurudisha umenyooka. Magurudumu yalibaki vilevile. Kilichonyooka ni kile ambacho macho ya dereva yanaona. Nikamwambia ahamishie nyuma tairi za mbele zilizoliwa kingo, alete za nyuma mbele. Mtu akichungulia mbele ataona tairi nzuri. Kila dalili ambayo Fundi alinifundisha kuisoma, niliifunika. Mjinga asingeweza kufanya kazi safi namna ile.

Shemeji aliijaribu nikiwa nimekaa pembeni yake.

"Shemeji, mbona kama inavutavuta kushoto?"

"Barabara imelala, shemeji. Imejengwa hivyo ili maji yashuke. Gari lenyewe limetoka kwa Fundi juzi."

"Kama imetoka kwa Fundi, mimi sina neno."

Aliendesha hadi Kiriba akiimba sauti ya nne.

Haikumaliza mwezi. Saa nne asubuhi, na gunia za mahindi nyuma, alikuwa akiteremka kwenye kona karibu na kwao, na kile kichwa cha tairodi kikachomoka. Alikata usukani, gurudumu moja likatii, jingine likaenda korongoni. Alikuwa peke yake, namshukuru Mungu kwa hilo. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Hospitalini kaka yake shemeji alinishika bega mbele ya dada yangu na wazee wa kanisa lao.

"Si ulisema imetoka kwa Fundi?"

"Ndiyo," nikasema. "Ilitoka kwa Fundi."

Kila neno pale lilikuwa kweli. Nikawaacha waende nalo. Lilifika stendi kabla ya jioni, na kufikia Jumapili lilikuwa na miguu na mikono: Fundi hafungi nati, Fundi haoni tena, Fundi anaua watu kwa kamba.

Dada yangu alienda Kitaji. Alisimama juu ya ile saruji akamwita muuaji, mbele ya wateja na wapangaji, mpaka sauti ikamkauka. Walioshuhudia waliniambia kwamba Fundi, yule mwenye ulimi wa pilipili, alimsikiliza hadi mwisho, akammiminia maji kwenye kikombe, akampa.

Mimi alinifuata mara moja. Nilikuwa stendi na wenzangu, tukasikia shii, shii, shii. Alishuka kwenye baiskeli.

"Chaki yangu uliifuta na nini?"

Watu waligeuka kunitazama. Ule ndio ulikuwa wakati wangu. Nikasema, "Chaki gani, mzee?"

Alinitazama kama alivyotazama chuma kilichochoka. Hakubishana. Alipanda baiskeli yake akaenda, na watu wakasema, mnaona, amekosa la kusema.

Baada ya hapo wateja walipungua, kisha wakaisha. Alirudi Butiama kwenye shamba la kwao. Ile saruji sasa wanaoshea pikipiki. Mjini kuna mashine yenye kioo inayoonyesha magurudumu kwa rangi, na sina ugomvi nayo. Inapima vizuri kuliko kamba. Lakini haisemi "siendelei, kuna kitu kinacheza" kama anayeishika hataki kusema. Nimeona gari likiingia pale na bushi zimekufa, likatoka na karatasi nzuri.

Nitasema jambo la aibu. Kwa miaka mingi nilimkasirikia yeye. Nilijiambia: kwa nini hakupiga kelele? Mtu anayemtukana padri anashindwaje kusema maneno matano kwamba alikataa gari lile? Nilifanya ukimya wake uwe kosa lake, nikaulalia, na nililala vizuri. Dada yangu alinipikia Krismasi zote hizo. Shemeji aliniita kaka.

Siku iliyofuata ule ushenzi wa kwa kinyozi ilikuwa Jumanne. Niliwasha gari nikaenda Butiama.

Nilimkuta shambani akipalilia mihogo, amepungua, kofia ile ile kichwani. Alinitambua kabla sijafika.

"Umezeeka vibaya, mura," alisema. "Gari umeacha wapi?"

"Barabarani. Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwangu?"

"Kwako."

"Mimi miguu yangu ninayo yote miwili."

Aliendelea kupalilia mstari mzima, akarudi.

"Mbona hukusema, mzee?" nikamuuliza, na sauti ilinitoka kwa ukali, kama vile mimi ndiye niliyekosewa. "Ungesema neno moja tu pale!"

Alichomeka jembe ardhini.

"Niseme kwa nani? Kwa dada yako? Mume amekatwa mguu asubuhi, mimi nimwambie jioni kwamba aliyemkata ni kaka yake? Nikasema huyu ana shule, anajua makosa yake, atasema mwenyewe. Nimpe muda." Alicheka bila furaha. "Nilidhani wiki mbili."

"Nitasema. Jumapili nitasimama kanisani kwao Kiriba, mbele ya watu wote."

"Leo ni lini?"

"Jumanne."

"Na kwa nini Jumapili? Unataka wakupigie kinanda?"

Akatupa jembe begani. "Ngoja nivae shati."

Tulipita Musoma bila kusimama, tukashika njia ya Kiriba. Njia nzima hakusema neno kuhusu gari langu, wala usukani, wala namna ninavyoendesha. Ningefurahi kutukanwa.

Shemeji alikuwa kivulini mwa nyumba, mguu wa bandia amevua ameuegesha ukutani, anashona nyavu. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alipomwona Fundi akishuka, uso wake ulikunjamana.

"Huyu anatafuta nini kwangu?"

"Amekuja na mimi," nikasema. "Kaa unisikilize. Shemeji, nawe nisikilize."

Nilisema nikiwa nimesimama uani. Nilisema kwamba Fundi alikataa gari lile. Nilisema nilivyofuta alama yake, usukani ulivyong'olewa Bunda, tairi zilivyohamishwa, na kwamba siku ile shemeji alipouliza kwa nini linavuta, niliisingizia barabara nikijua ni gari. Nilisema nilivyomruka mzee stendi. Sikusema nilikuwa na haraka. Dada yangu alinitazama muda wote, na mwiko ukawa unadondosha uji kwenye mguu wake bila yeye kuhisi.

Shemeji aliweka nyavu chini, akachukua mkongojo, akainuka, akaingia ndani. Tulidhani hatarudi. Kisha tukasikia kitu kinakwaruza sakafuni, akatokea mlangoni anaburuta kiti kwa mkono mmoja, mkongojo kwapani. Dada yangu akakimbilia kumpokea.

"Acha," alimwambia.

Alikiburuta mpaka kivulini, akakiweka kando ya pale alipokuwa amekaa yeye, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Mzee wangu," alimwambia Fundi, "karibu ukae. Utusamehe sisi."

Fundi alivua kofia akakaa. Dada yangu alileta uji, vikombe viwili, akampa mgeni kwanza, kwa mikono miwili, amekunja magoti. Wakaanza kuulizana habari za mvua, za mihogo, za samaki waliopungua ziwani. Mimi nilibaki nimesimama juani. Hakuna aliyenikaribisha, na hakuna aliyeniambia niondoke.